Kiti cha Dereva

3 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, ingawa nyumba nzima siku hizi ni mimi, Mzee na yule paka asiye na mkia. Sisi wazima. Kazini wamenipandisha cheo, sasa ndimi msimamizi wa chumba chote cha kufulia pale hospitali, maana yake nalalamikiwa shuka na wodi saba badala ya tatu. Wifi yangu hajambo? Mwambie foronya alizonishonea zimekuwa gumzo. Na mapacha waambie wapunguze kukua, nguo nilizowanunulia bado ziko kwenye mfuko.

Nakuandikia kwa sababu simu haifai. Unajua mwenyewe, Mzee akisikia sauti yako tu kwenye simu yangu, ananyoosha mkono anaikata, kisha ananiambia mtandao ni mbovu. Barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi, ataiacha ofisi ya mizigo. Na wewe jibu kwa njia hiyohiyo.

Lililonikalisha chini niandike ni hili. Macho ya Mzee yameharibika. Daktari anasema ni presha ya jicho, imekaa miaka bila mtu kujua, na dawa itachelewesha tu. Tukifika mwisho wa mwaka Mzee akiwa bado anamtambua mtu mlangoni, tushukuru. Mzee mwenyewe anasema daktari ni mtoto mdogo, na kwamba mwenye macho mabovu ni yeye ndiyo maana kavaa miwani.

Kile kiapo chake unakikumbuka kuliko mimi. Mwaka wa thelathini na moja huu. "Siku utakapoingia kwenye geti langu unaendesha gari lako mwenyewe, nitakutazama usoni nikuite mwanangu. Kabla ya hapo wewe ni fundi cherehani tu." Sikuambii ufanye lolote. Nakupa habari za macho, basi.

Dada yako


20 Februari

Dada mpendwa,

Salamu zimefika na zimepokelewa kwa mikono miwili. Hongera ya cheo. Hapa hatujambo. Mapacha walipata mafua wakampa mama yao, mama yao akanipa mimi, na mimi nimewagawia wateja. Msimu wa sare za shule umekwisha, mgongo unapumua.

Dada, nimenunua gari.

Kama umesimama kaa, kama umekaa usisimame. Na si gari la kwendea sokoni. Ni gari la michezo, la kifahari, jekundu, la viti viwili, na paa lake linajikunja lenyewe na kuingia nyuma. Lina miaka kumi na tisa, lakini dalali ameniambia magari ya aina hii hayazeeki, yanaiva. Dalali huyo wanamwita Ndugu Kabisa, kwa sababu kila anayeingia uwanjani kwake anaambiwa, "Wewe ni ndugu yangu kabisa, wewe siwezi kukuficha kitu."

Najua utauliza kama nimelikagua. Nimelikagua saa nzima, mpaka Ndugu Kabisa akachoka akaenda kunywa chai. Nilipiga magoti ndani nikavipitia viti vyote viwili kwa vidole. Ngozi halisi, Dada. Mshono wa mistari miwili, mishono minane kwa inchi, hakuna hata mmoja uliopinda. Kiti cha dereva tu ndicho ubavu wake umeshonwa upya na mtu mwenye haraka, mishono mitano kwa inchi, tena kwa uzi wa nailoni wa kushonea magunia. Aibu tupu. Nitaufumua niushone mwenyewe. Injini sikuifungua, kwa sababu mtu aliyeshona viti namna ile hawezi kukaa mbele ya injini mbovu.

Miaka yote hii Mzee anadhani niliacha lori lake kwa dharau. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikarudisha nyuma tani saba nikaingia nalo jikoni. Marehemu Mama alipika nje wiki tatu, akicheka. Mzee hakucheka. Kesho yake nikaenda kukaa kwenye cherehani, na yeye akaiita kazi ya kukaa, kama vile dereva huendesha kasimama.

Usimwambie kitu. Lakini ukiisoma barua hii kwa sauti karibu na dirisha la veranda, mimi sitakukataza.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo, mvua inanyesha. Barua yako niliisoma jikoni kwa sauti, kwa sababu ya kelele za bati. Mzee alikuwa veranda.

Sasa nikuulize mimi kama dada. Umenunua gari kwa kupapasa viti? Ungeenda kununua ng'ombe ungekagua kamba? Na viti viwili, wewe mwenye mke na mapacha! Mkitoka nani mtamwacha nyumbani, au mtapeana zamu?

Kuna mtu humu ndani, simtaji, ambaye alikuwa anajiuliza maswali peke yake na mimi nikawa napita. Anataka kujua saa ya kilometa inasema ngapi, na mpira wa pedali ya breki umelika kiasi gani, maana saa inarudishwa nyuma na yeyote mwenye bisibisi lakini pedali haidanganyi. Tena anauliza gari likiachwa siku mbili linabaki na kimo chake au linakaa chini. Na kama lina doa la mafuta chini ya tumbo. Na kama hilo paa linafunga siku ya mvua, au ni la kupigia picha. Alipogundua nimesimama akasema alikuwa anaongea na paka.

Nijibu haraka. Paka anasubiri.

Dada yako


9 Aprili

Dada mpendwa,

Salamu kwako, kwa Mzee na kwa paka. Wifi yako hajambo ingawa siku hizi anajibu kwa neno mojamoja.

Mwambie paka hivi. Saa ya kilometa inasema elfu thelathini na nane. Mpira wa pedali ni laini na unang'aa vizuri sana, kwa sababu si mpira tena, ni chuma. Kuhusu kimo, gari hili ni la michezo, linapenda kupumzika. Ukiliacha Ijumaa limesimama, Jumatatu unalikuta limelalia tumbo. Springi zake ni za upepo, na upepo una tabia ya kuondoka. Ndugu Kabisa anasema hiyo ni dalili ya ukoo wa kifahari, magari ya kawaida hayawezi. Doa la mafuta lipo, ila si moja.

Paa lilifunguka vizuri mno siku ya kwanza. Halijafunga tangu siku hiyo. Na kwa kuwa mvua haisubiri mtu, nimelishonea gari koti. Turubai nzito, vifungo kumi na viwili, kola, na mfuko wa ndani wa kuwekea funguo. Majirani wanalisifu koti kuliko gari, na wawili wameagiza.

Ule ubavu wa kiti nimeufumua na kuushona upya, uzi wa nta, mishono minane. Ilinichukua siku nne. Ukipita kidole huwezi kujua wapi kazi yao inaishia na yangu inaanzia. Macho ya Mzee yakoje? Niambie ukweli.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Huku salama. Umeniuliza macho. Hali ni ileile.

Umeandika kurasa tatu na hakuna mahali umesema umeliendesha. Umelifumua, umelishona, umelivika koti. Hilo ni gari au bwana harusi?

Yule mtu nisiyemtaja aliposikia habari za ule ubavu aliiacha chai yake ikapoa. Kisha akasema ubavuni mwa kiti cha dereva ndimo unamokaa mfuko wa hewa, ule unaofumuka gari likigongwa. Kiti kikishonwa upya pale, gari limeshapigwa ubavuni, mfuko umefumuka, na mtu kafunika tundu kwa uzi wa magunia. "Ushahidi alikuwa nao kwenye vidole," akasema, "yeye akaona uzi mbaya." Akatikisa kichwa sana. Halafu akasema polepole, "Lakini kuhesabu mishono kwa kidole bila kutazama, hiyo si kazi ya mtu mjinga."

Nikamwuliza anaongea na nani. Paka alikuwa kalala chumbani kwangu.

Dada yako


28 Juni

Dada mpendwa,

Nisamehe kwa kimya. Nilikuwa natafuta namna ya kuandika barua hii ionekane ni ya mtu mwenye akili.

Nilimleta fundi wa umeme wa magari wanayemwita Skana. Alichomeka mashine yake, ikaanza kutoa karatasi ya makosa. Nimeipima karatasi, ni mita mbili na robo, inatosha pazia la choo. Klachi imekwisha. Giaboksi inavuja. Rejeta imezibwa kwa kitu ambacho Skana anasema ni sabuni. Ukipiga honi, kioo cha upande wa pili kinashuka. Ukiwasha taa ya kukata kushoto, waipa za kioo zinafanya kazi, na ukitaka waipa hakuna kinachofanya kazi. Mle ndani kuna sauti ya mama mmoja anayeongea lugha tusiyoijua kila mtu anapokaa. Mapacha wanamwamkia. Skana alisikiliza kwa makini akasema mama anaomba gari lipelekwe kwa fundi.

Mfuko wa hewa haupo. Mtu wenu alisema kweli tupu.

Injini tuliiwasha siku moja. Ilinguruma dakika kumi na moja, Dada, sauti nene, mtaa mzima ukatoka nje, wifi yako akacheka kwa mara ya kwanza tangu Februari. Kisha maji yakachemka, ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Skana alivua kofia yake.

Na la mwisho, ambalo sikutaka uulize. Hata lingekuwa zima nisingeweza kuja nalo. Sijui kuendesha. Nimekwenda shule ya udereva tangu Februari na nimefeli mtihani mara tatu. Mwalimu anasema nakanyaga mafuta kama pedali ya cherehani, nakanyaga naachia, nakanyaga naachia, gari linakwenda kwa mishono. Nina miaka arobaini na nane, baba yangu ameendesha malori miaka thelathini na tisa, na mimi nimenunua sofa nyekundu yenye magurudumu. Nimechoka, Dada. Nilitaka anitazame mara moja tu kabla ya giza.

Usiisome hii kwa sauti.

Mdogo wako


14 Julai

Mdogo wangu,

Sikuisoma kwa sauti. Niliisoma chooni, mlango umefungwa, na nililia halafu nikafika kwenye habari za yule mama na mapacha nikacheka, Mzee akagonga kuuliza kama nimemeza kitu.

Nami nina langu. Nilikuandikia kwamba hali ni ileile. Nilidanganya. Mzee haoni kitu tangu tarehe kumi na saba Aprili. Aliamka asubuhi akaniuliza kwa nini sijafungua madirisha, na yote yalikuwa wazi. Kwa siku mbili tulisema ni mawingu. Niliona nikikuambia utaacha kuhangaika na lile gari, na maswali ya lile gari ndiyo yaliyokuwa yanamtoa kitandani. Anaamka anauliza, "Basi limepita?" Anajifanya anataka gazeti, na gazeti hawezi kulisoma.

Nimekukosea. Sema unalotaka kusema.

Dada yako


25 Julai

Dada,

Siwezi kukukasirikia, nimejaribu siku tatu.

Lakini sikiliza. Kama haoni, gari la nini? Nakodi gari na dereva wake. Tunasimama kwenye geti lenu, dereva anangurumisha injini kidogo, mimi nafungua mlango wa upande wake nikitokea juu ya mapaja yake, naufunga kwa nguvu, nasema, "Baba, nimefika." Skana amekubali kuja na kurekodi sauti ya injini kabla, kwa usalama. Hakuna atakayejua.

Mdogo wako


1 Agosti

Mdogo wangu,

Jana lori lilipita barabara ya nyuma, mbali kule. Mzee akasema bila kuinua kichwa, "Tani saba, silinda sita, injekta ya tatu inaumwa, na dereva ana njaa." Halafu wewe na Skana mnataka kumchezea na kaseti.

Na hata kama angedanganyika, mimi nisingekubali. Alikuapia wewe, si sauti ya gari. Njoo kama ulivyo.

Dada yako


3 Septemba

Dada mpendwa,

Nilikuja. Najua ulikuta kitu veranda na hukunikuta mimi. Jirani yenu aliniambia umeitwa kazini, mashine kubwa ya kufulia imefurika. Nikaona labda ni heri.

Nilikuja kwa basi la asubuhi. Kiti cha dereva nilikifungua kwenye lile gari mwenyewe, bolti nne, ndicho kitu pekee mle ndani ambacho nilijua hakika ni kizima. Kondakta wetu alikikatia tiketi, kikasafiri karibu na dirisha, na mwanamke mmoja mjamzito akakikalia nusu ya njia akasema hajawahi kustarehe hivyo. Stendi nilikodi mkokoteni. Mwenye nao alitaka kuusukuma, nikakataa. Niliusukuma mwenyewe mpaka getini, nikaingia, nikazunguka lile shina la maua ya Mama, nikasimama mbele ya veranda.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda. Akasema, "Nani huyo na gurudumu lisilo na grisi?"

Nikasema, "Shikamoo Baba. Ni mimi. Sikuja na gari. Gari limekufa na kuendesha sijui. Nimekuletea kiti chake."

Hakuitikia, Dada. Nilikipandisha kiti veranda, nikakiegemeza ukutani vizuri. Akanyoosha mkono hewani akitafuta, nikakisogeza kiti chini ya mkono wake. Akakaa. Akaanza kupitisha kidole kwenye mshono, kutoka juu, ubavu mzima, mpaka chini, halafu akarudia. Nikasimama pale na kofia mkononi kama mtu aliyeleta nguo za kujaribisha. Saa nzima. Alisema maneno mawili tu. La kwanza, "Fundi, sogea, unanizuilia upepo." La pili, "Mwambie dada yako maji ya chai yamechemka," na wewe hukuwepo. Nikaenda kuzima jiko.

Basi la kurudi linaondoka saa nane. Nikaaga. Hakujibu. Nilirudisha mkokoteni nikapanda basi, na kiti nilichokalia kilikuwa kimeshonwa vibaya, nikakishika njia nzima nikilia kama mtoto. Miaka thelathini na moja nimengoja, nikapata "fundi, sogea." Usinitafutie maneno ya kunifariji. Nimekwisha kubali.

Mdogo wako


19 Septemba

Mdogo wangu,

Wifi yangu na mapacha nawasalimu, na wewe nakusalimu kuliko wote. Mashine ya kufulia imepona. Paka hajapona, ana wivu.

Mzee hatoki kwenye kile kiti. Anakula hapo, anasikiliza redio hapo, juzi kalala hapo mchana kutwa. Ameniomba sufuria ya mviringo isiyo na mpini, nikampa, anaishika kwa mikono miwili mbele yake. Nikipita ananiambia nisivuke barabara. Majirani wakija kumsalimu anawashika mkono, anauweka ubavuni mwa kiti, anawauliza, "Unaona wapi palipofumuliwa?" Wanasema hawaoni. Anawaambia, "Na mimi sioni, na nimepapasa wiki mbili."

Jana nilikuwa nasoma barua yako jikoni. Nilisahau nikasoma kwa sauti. Nilipofika kwenye basi na kiti kilichoshonwa vibaya, nikasikia ananiita. Akasema nichukue karatasi niandike anayosema, na nisitie chumvi. Haya ndiyo maneno yake, sijaongeza kitu.

"Mwandikie hivi. Siku ile sikuongea kwa sababu nilikuwa natafuta palipofumuliwa. Nilisema nikipapata nitafungua mdomo nimgombeze, na sikupapata, na basi likawa limekwenda. Nimemwuliza jirani aliingiaje getini. Kasema alisukuma mwenyewe, akalizunguka shina la maua la mama yake, hakuligusa. Basi. Ameingia na magurudumu, ameingia na kiti, na safari hii hakugonga jiko. Mimi nimeridhika. Nilisema nitamtazama usoni. Hiyo sehemu imenishinda mimi, haikumshinda yeye, aje nimpapase. Na mwambie mwanangu nina malalamiko kuhusu gari lake. Gari la aina ile linatoka kiwandani na viti viwili, kaniletea kimoja. Nimeendesha miaka thelathini na tisa nikiwa na mtu pembeni, siwezi kuanza sasa kwenda peke yangu. Alete na cha abiria. Na asikilete kwa mizigo, aje nacho, akikalie."

Dada yako, na huyu hapa anauliza kama basi limepita